Mateka wa Saba

Wameandika gazetini kwamba nimelia kupita kiasi.
Bwana Kisilu Muoka, safu yake ya Ijumaa:
"Mateka wa saba, yule mama wa leso ya kisutu,
anamwaga machozi kana kwamba hakuambiwa ni mchezo."
Nilikikata kipande hicho kwa kisu cha kumenyea viazi,
nikakibandika ukutani juu ya karai, hapa Majengo.
Mafuta yamekirukia. Sasa kinasomeka nusu.

Ile benki haikuwa benki.
Ni ghala la kahawa Shimanzi, lilipakwa rangi usiku mmoja,
kaunta ya mbao za masanduku, saa ya ukutani isiyokwenda.
Tulikuwa mateka kumi na wanne, elfu mbili kwa siku,
mbaazi na mahamri alfajiri, kisha kifudifudi sakafuni
na Swafwani, mwenye filamu, anatukemea: "Ogopeni, jamani!"
Bunduki zilikuwa za plastiki.
Jasho lilikuwa letu.

Watekaji walitaka milioni hamsini na helikopta.
Siku ya nne wakalegea, wakakubali kulipwa kwa awamu.
Hapo ndipo wahakiki walipoangua kicheko.
Bi Atsango wa redioni akasema hadithi imeteguka mguu:
"Mtekaji gani duniani hupokea kidogokidogo?
Mtekaji gani huandika risiti?"
Mwingine, jina limenitoka, alisifu mwanga tu.

Bi Atsango, najua huna baya.
Lakini wiki ile ile, hospitali nisiyoitaja,
mamangu alikuwa wodi ya chini, kapona,
kapona tangu siku kumi na tisa, na mlangoni pana askari.
Elfu themanini na nne, na mia tatu juu.
Hawakumfunga kamba. Walimvua viatu
wakaviweka kabatini, wakaliandika jina lake kwa wino mwekundu,
na kila usiku aliolala akingoja deni la kitanda lilipwe
wakamwongezea deni la kitanda.

Jioni nilipeleka ujira wangu, noti zinanuka rangi.
Mhasibu, kijana mpole, alinipa risiti.
Ninazo zote kumi na moja, ncha ya leso.
Swafwani alinikuta nazihesabu nyuma ya ghala,
akauliza, nikamwambia.
Akanyamaza. Asubuhi maneno ya watekaji yalikuwa mengine.
Basi hiyo awamu mnayoicheka
ndiyo kitu pekee mle ndani ambacho hakikutungwa.

Zilizobaki zilitoka kwenye cherehani ya dada yangu Mwanamgeni,
na chama cha kina mama wa Buxton, Mungu awazidishie,
na mkopo wa simu ambao bado unanipigia kila saa mbili.

Filamu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, nilimpeleka mama.
Alikula bisi, akanicheka nilipotokea,
"Tazama unavyolala, kama kiroboto kimekung'ata."
Mwisho polisi wakavunja mlango.
Mateka tukatoka mmoja mmoja, tumekunja macho kwa jua,
muziki ukapanda, ukumbi ukapiga makofi.
Mama hakupiga.
Aliinama mbele kama mtu anayetafuta kitu sakafuni,
akaninong'oneza:
"Hawa wametoka na viatu vyao."