Lita Tatu

Kirikuu yangu inakunywa lita tatu.
Si mnywaji mkubwa.
Lakini juzi, saa kumi alfajiri,
tukipanda Nkoaranga kufuata maziwa,
ilianza kukohoa
kama mtu anayekudai mbele ya wageni.

Unga Limited, dukani kwa Mama Ruwaichi.
Rafu ya juu, nyuma ya kioo kilichofutwa leo:
kopo jeusi, herufi za dhahabu,
kifuniko chekundu kama kucha za bibi harusi.
Laki moja na arobaini.
Rafu ya chini, usawa wa ndala zangu:
makopo ya kijivu yamepangwa kama matofali,
jina lile lile lililopakwa ukutani
kwenye kila gereji, kuanzia Kwa Mrombo hadi Kikatiti.
Elfu sitini na mbili, na kitambaa cha kufutia mikono, bure.

"Zote sintetiki?"
"Zote," akasema. "Ila hii ya juu ina adabu."

Nikasoma migongo yake yote miwili
kama mtu anayesomewa mkataba wa shamba.
Tano dabliyu thelathini hapa.
Tano dabliyu thelathini pale.
Ndugu wa baba mmoja,
mmoja kasoma bweni, mwingine kutwa.

La juu linaahidi injini ya mashindano.
Mashindano gani?
Mimi nashindana na maziwa yasigande,
nifike Kilombero jua halijashika madebe.
Tofauti yao elfu sabini na nane:
nikaigeuza kichwani, ikawa lita sitini za maziwa
kwa bei ninayomlipa Mama Kaanaeli,
ng'ombe wake wawili, siku tatu nzima, asubuhi na jioni.

Na bado mkono ulikwenda juu.
Maana mwaka juzi nilinunua ya pipa,
ya kupimiwa kwa chupa ya maji,
injini ikafia Tengeru
na lita mia mbili zikawa mtindi barabarani.
Rahisi ghali, waliniambia wote baadaye,
bila hata mmoja kuchangia.

Nilikuwa nimeshafungua pochi
alipoingia kijana, Lomnyaki, gunia begani.
"Makopo matupu, mama? Lile jeusi nakupa elfu tatu.
Likiwa na kifuniko chake, nne."
Nikauliza, "Na la kijivu?"
Akacheka hadi gunia likalia.
"Hilo kapandie vitunguu."

Mama Ruwaichi akaanza kubonyeza kikokotoo,
hesabu ya nini, sijui.
Feni ikageuka upande wa pili.
Nami nikatazama kifuniko chekundu, vizuri zaidi,
kama unavyomtazama shemeji mpya
baada ya kusikia ana mke Babati.
Huenda kilikuwa cha kweli. Huenda.
Lakini nani atapoteza gundi
kughushi kitu ambacho hata tupu yake haina bei?

Nikabeba la kijivu.

Ndelilio alilala chini ya gari, akafungua nati.
Ikashuka ya zamani, nyeusi kama chai ya msibani.
Akaisugua kati ya vidole, akainusa, akanyamaza,
kisha sauti ikatoka uvunguni:
"Unabishana majina, na umepitiliza kilomita elfu tatu.
Ungekunywa wewe maji haya?"
Sikuwa na jibu. Nikamshikia tochi.

Akabadilisha na filta.
Akaandika namba kwa chaki ndani ya mlango:
siku nitakayorudi, nitake nisitake.

Leo tumepanda Nkoaranga bila kikohozi.
Labda ni oili. Labda ni filta.
Labda ni woga wangu uliokuwa ukigonga.

Lita moja iliyobaki nimeihamishia kwenye chupa, chini ya kiti.
Kopo nimelitoboa kwa msumari,
matundu matano, ingawa hakuna anayelitaka.
Vitunguu vimetoa majani.
Mke wangu kavinusa, kavikataa,
anasema vina gereji ndani yake.
Nangoja mvua za vuli, nione kama zitaiosha.