Mzaliwa Nawe

Mimi ndiye mvuta sigara, Orysia.
Mimi ndiye wa mafuta ya nguruwe juu ya mkate,
wa kupumzika kila ngazi ya tatu.
Wewe ulikimbia kando ya mto, Saskatoon nzima imelala,
barafu ikikuota kwenye kope,
ukijisifia mapigo yako: hamsini na mawili kwa dakika.

Jumamosi, uwanja wa magongo ya barafuni.
Umepiga goti, unamfunga Larysa kamba za viatu.
Ukasimama. Ukakaa.
"Kama mtu kanikanyaga hapa," ulisema,
"na mkono huu wa kushoto si wangu."
Kijana wa zamu alitazama umri, akatazama kiuno,
akaandika: wasiwasi.
Akakupa kidonge cha usingizi.
Damu ndiyo iliyokutetea, saa tisa usiku,
ilipopimwa mara ya pili:
msuli wa moyo ulikuwa unakufa.

Hapakuwa na mafuta yaliyoganda.
Ukuta wa mshipa ulikuwa umechanika kwa ndani,
kama bitana ya koti inapoachana na kitambaa;
damu ikajipenyeza katikati, ikatuna,
ikaziba njia yake yenyewe.
Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
sikujua kama walikuwa mafundi cherehani.

Leo nimekunja mkono wa sweta mbele ya Daktari Bilodeau.
Wanataka damu ya ndugu,
ya waliochanika na ya waliobaki wazima,
wazilaze sambamba, herufi kwa herufi,
waone zinaachana wapi.
Iko moja, anasema, kwenye kromosomu ya sita,
herufi ya kawaida tu, tele humu mjini.
Inayosaidia kuikinga mishipa na mafuta
ndiyo hiyohiyo inayoulegeza ukuta.
Huenda ndiyo iliyompa mama kile kipandauso
kila kengele ya kanisa ilipolia.
Mlinzi na mwizi, ufunguo mmoja.
Na haiko peke yake. Ziko nyingine, ndogondogo,
nyingi bado hazijajulikana.

Nikauliza: mimi ninayo?
Majibu hayatolewi kwa mtu mmoja mmoja.
Kichupa changu kina namba, hakina jina.

Nikuambie kweli? Niliomba nisiwe nayo.
Halafu, kwenye maegesho, kioo cha gari kikiwa cheupe,
niliomba niwe nayo, walau hiyo moja,
maana mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe,
na sisi tumelala kitanda kimoja hadi ulipoolewa.

Nimefika kwako. Umeshika sepetu ya theluji, mjinga wewe,
na ulikatazwa kuinua hata kapu la nguo.
Nimekupokonya. Umecheka. Umeingia ndani.

Nimechota mara nne, tano.
Kwenye ngazi ya tatu nimesimama,
nimevua glavu, nimeweka vidole viwili shingoni.

Themanini na tisa.
Sigara bado ziko mfukoni. Usiniulize.