Njoo Jumamosi

Kibo yangu ilikuwa moja tu,
ya asubuhi ya Januari, saa kumi na mbili na robo,
theluji imewaka, wingu hakuna.
Niliitunza kwenye diski. Bwana harusi akilalamika
kwamba mlima umejifunika siku yake,
namwambia: usijali, utauona.
Usiku naubandika nyuma ya shela.
Kibo ile imehudhuria harusi mia mbili,
Rau, Kiborloni, Majengo, hata za masika,
na hakuna aliyewahi kuniuliza
mbona mbele miavuli, nyuma jua kali.

Kisha mjane wa Fundi Lyaruu akaniita.
Mfuko wa rambo, wa enzi zile zilipokuwa halali,
ndani yake kamera ya chuma, ngozi imeota ukungu.
"Alisema ni yako. Alisema siku nyingi,
mimi ndiye niliyekuwa nasahau."
Kwenye kidirisha cha hesabu: ishirini na tisa.
Filamu bado imo.
Zimebaki saba.

Saba!
Mimi ambaye kwa keki peke yake,
kisu hakijagusa, nimeshapiga sitini.

Siku tatu nilizunguka nayo shingoni, bure.
Nikalenga stesheni, nyasi katikati ya mataluma. Nikashusha.
Nikalenga fundi cherehani barazani,
pini tatu mdomoni, anamgombeza mteja bila kuzidondosha.
Nikashusha. Hiyo hadi leo najuta.
Kila nikifumba jicho moja
linakuja swali nililolikimbia miaka kumi na tano:
hii, unaitaka kweli?

Sokoni Mbuyuni, Ndeshi, binti wa muuza parachichi,
akasimama mbele yangu, mikono kiunoni: "Nipige."
Nikazungusha pete ya lenzi taratibu
mpaka kope zake zikawa kope.
Kacha. Mlio mmoja, basi.
Akaja mbio, akaigeuza kamera,
akakuta mgongo mweusi.
"Iko wapi?"
"Humu ndani."
"Nione."
"Haionekani."
"Sasa umepiga nini?"
Sikumcheka. Kidole gumba changu kilishatangulia,
kinapapasa kitufe kisichokuwepo.
Mdomo ukatoa maneno ya marehemu,
yale aliyowaambia maaskari, mabibi harusi, wanafunzi wa pasipoti saizi:
Njoo Jumamosi.

Sisi husema kusafisha picha,
kana kwamba imeingia na matope ya njiani.
Dawa ilikuja kwa basi kutoka Nairobi
kwenye chupa ya juisi, kondakta akiishika kwa mashaka.
Dirisha la bafu nikaliziba kwa blanketi,
chini ya mlango nikasokota khanga.
Julai, maji ya bomba ya Moshi
bado yana ubaridi wa kule yalikotoka.
Gizani nilikuwa nimesahau kila kitu.
Mikono haikuniuliza.

Za kwake nyingi zilikuwa zimekufa, ukungu mtupu.
Ya kumi na mbili, kiti cha studio, hakuna mtu,
na lile pazia lenye maporomoko ya kuchorwa.
Ya kumi na tatu, kiti.
Ya ishirini na tisa niliikuza kwa mashine yake mwenyewe,
nikaizamisha kwenye beseni, nikasubiri chini ya taa nyekundu.
Kwanza ukaja mlango.
Kisha mwanga wa barabarani.
Kisha kijana anatoka, begi jipya begani,
begi la kamera ya kidijitali, bado lina karatasi ya bei.
Shati lile nalijua. Mama ndiye aliyelipiga pasi.

Sikusikia mlio.
Labda nilisikia. Picha inasema tu kwamba sikugeuka.

Jumamosi Ndeshi alifika kabla sijafungua.
Nikampa yake. Ameweka mikono kiunoni,
kidevu juu, jeuri yote ya soko,
na macho ameyafumba.
Zamani ningeifuta kabla hajajua
kwamba aliwahi kufumba.
"Nimelala?"
"Umepepesa."
Akafikiri.
Akaishika pembeni kwa kucha mbili,
akaipuliza,
ingawa ilikuwa imekauka tangu jana.