Chupa Mbili Dirishani

Juni, Isyonje, baridi haibishi hodi.
Hupenya ufa wa mlango, huketi jikoni kabla yangu,
na nikija kuwasha mkaa nakuta imeshafanya kazi:
mafuta ya dumu, yale ya bei rahisi,
yameganda chupani, meupe kama mshumaa.
Naigeuza chupa kichwa chini, naipiga kitako
kama mtu anayemwamsha mlevi.
Hayashuki.

Pembeni yake, alizeti,
iliyokamuliwa Uyole na kijana mwenye vumbi la mashudu hadi kwenye kope.
Naitikisa. Inaitika.

Mimi nilikuwa mtu wa Fuso, miaka ishirini na sita.
Viazi kwenda, mitumba kurudi.
Chipsi Makambako, kuku Ruaha Mbuyuni,
karai lililokaangia jana, na juzi, na siku ya mnada,
mafuta meusi kama oili ya injini.
Na injini, jamani, niliibadilishia oili kwa tarehe.
Niliandika kwenye daftari.

Nyumbani nikataka mchuzi unaoelea.
"Mboga isiyong'aa," nilimwambia Tusekile, "ni mboga ya wodini."
Akamimina.
Kwa kunipenda, akamimina miaka yote hiyo,
na tulikula sahani moja.

Kiharusi hakikunijia mimi.
Kilimchukua yeye, upande wa kulia,
asubuhi ya kuchimba viazi, jembe bado limesimama kwenye tuta.
Maneno kikaondoka nayo. Kilimwachia matatu:
"hapana", "maji", na jina la kitindamimba wetu.

Nesi Mwanjisi hakunigombeza.
"Presha, chumvi, mafuta, umri," alisema,
"kila kimoja kina mkono wake, mzee. Usijitwishe vyote."
Nilijitwisha vyote. Nikavipandisha navyo mlima.

Nikamwonyesha Lusekelo ile chupa:
"Tazama. Ndivyo damu ya mama yako ilivyoganda."
Mtoto anasoma Iyunga, alitaka kucheka, akanihurumia.
"Baba, mwili una joto. Mama hakukaa dirishani."
Akanieleza habari za lehemu, za ini, za mishipa kuwa myembamba taratibu,
nikasikia nusu.
Sawa. Ila mimi ni dereva:
kitu nikikiona kwenye kioo, siwezi kusema hakinifuati.

Sasa mpishi ni mimi.
Yeye hukaa kwenye kigoda karibu na mkaa, blanketi magotini,
na mkono wa kushoto ndio mwalimu.
Nikishika chupa ya alizeti, huinua kidole kimoja.
Kijiko kimoja.
Nikisahau nikamimina kwa mkono wa zamani, "Hapana,"
na hapana yake haina kiraka.
Kitunguu kikianza kushika sufuria, natazama tena chupa.
"Maji," anasema.
Nanyunyiza maji. Kitunguu kinalainika hivyohivyo,
siri ambayo hakuna mtu aliyeniambia barabara nzima.

Majani ya maboga nayaunga kwa karanga za kutwanga.
Na nyuma ya choo upo mparachichi, mkaidi wa baridi,
ambao matunda yake tuliwapa nguruwe wa Ambwene
huku tukitembea hadi dukani na pesa mkononi
kununua mafuta.
Nayaponda kwa uma, ndimu kidogo,
napaka juu ya kiazi cha kuchemsha, namlisha.
Kijani kinabaki mdomoni mwake. Nakifuta kwa kidole, nakilamba.

Ile iliyoganda sijaitupa; kutupa ni jeuri ya mwenye nacho.
Nalainishia bawaba za geti.
Geti sasa linafunguka kimya, wageni wanatukuta hatujajiandaa.

Jumapili nilichinja jogoo.
Nikashika chupa, nikamtazama mwalimu.
Akainua vidole viwili.
"Viwili?"
Akageuza uso, akatazama nje kwenye ukungu
kama mtu asiyehusika.
Cha pili nikakijaza nusu.
Aliona.