Mkia wa F

Karani hakuacha jina. Sisi tunamwita Mkanda,
kwa kuwa saba zake zote zimefungwa mkanda kiunoni.
Tunamfahamu kuliko wajomba zetu:
kila mstari wa tatu wino unakonda, anachovya,
wa nne unaanza mnene kama mtu aliyeshiba.
Ijumaa maandishi yake huteremka kulia,
kana kwamba nayo yanataka kwenda ziwani kuoga.

Tuko kumi na mmoja, ghorofa ya pili, Kisumu,
wanafunzi, na Mama Peresi aliyestaafu posta.
Juu ya skrini picha ya ukurasa,
chini kisanduku cheupe kinachongoja.
Daftari la kodi ya kibanda, mwaka wa thelathini na nne.
Sheria ziko ukutani, kwa kalamu nzito ya Shimenga:
ANDIKA ULICHOKIONA. USISAHIHISHE. USIMHURUMIE MTU.
Hiyo ya tatu aliiongeza mwenyewe.

Basi tunaandika. Shilingi kumi na mbili. Shilingi kumi na mbili.
Mke wa pili, hana jina. Mke wa tatu, hana jina.
Mbuzi badala ya fedha; mbuzi ameandikwa hadi rangi.

Ukurasa wa arobaini na moja, safu ya maelezo,
mbele ya Oyamo wa Lwande, kutoka Seme:
ame,
kisha doa la wino pana kama ukucha,
kisha a.

Amehama, nikaandika mimi.
Amekufa, akaandika Nekesa bila kusita.
Neno hupita likipata wawili kati ya watatu,
na wa tatu ni Kiprono, yuko kwao Njoro,
anasoma kwenye simu ng'ombe wakishakamuliwa.
Saa nane na robo jibu likaingia.
Kura mbili kwa moja.
Oyamo akafa, miaka tisini baadaye, Jumanne,
mvua ikianza kugonga mabati ya Kibuye.

Nilikataa. Nikaikuza picha mpaka karatasi ikawa ngozi.
Herufi ya kwanza ni ndefu: yaweza kuwa h, yaweza kuwa k.
Lakini f ya Mkanda haikosi mkia,
hushuka chini ya mstari na kujikunja kama wa tumbili.
Na chini ya doa, kweli, kuna kitu:
mkia,
au kinyesi cha mende wa mwaka wowote.

Mama Peresi akafuta miwani, akaisogelea skrini,
yeye aliyesoma bahasha za mji mzima miaka thelathini.
"Barua ya namna hii," akasema,
"hatukuipeleka wala hatukuirudisha.
Ilikaa kwenye shubaka, labda mwenyewe apite aiulizie."

Daftari la mwaka uliofuata halipo.
Panya, au moto; hatukuambiwa.

Nimefuta amehama.
Nekesa, shingo upande, amefuta amekufa.
Tumeandika: ame[doa]a.
Karani hakummalizia, sisi ni nani?

Kesho ukurasa wa arobaini na mbili,
mstari wa kwanza, wino mnene.
Ameshachovya.