Ni Jiwe

Ilianza Mundemu, karibu na josho,
nikikata kona ya kushoto: tak, tak, tak,
kama mtu anayevunja karanga kwa meno
chini ya miguu yangu.
Nikasema ni jiwe.
Wiki mbili nzima nikasema ni jiwe,
nikaongeza sauti ya redio.

Jumamosi nikainama.
Nyuma ya rimu grisi imeruka kila mahali,
imeshika vumbi la Bahi
mpaka imeota manyoya, kama ndama aliyezaliwa usiku.
Na mpira wenyewe, ule wenye mikunjo ya shingo ya kobe,
umechanika mkunjo wa tatu,
mdomo wazi, hauna haya.

Shemeji Chilewa wa Kizota akanijibu kwenye simu:
"Mpira elfu kumi na nane.
Sivii jointi nzima, laki na sitini.
Chagua unataka kulia lini."
Akaukabidhi kwa konda wa basi la Manyoni,
umefungwa gazeti, na kamba zake mbili za bati,
na grisi nyeusi kwenye kifuko kama cha ubuyu.

"Nati ya katikati ilegeze gari likiwa chini.
Likishapanda jeki, huiwezi."
Nikapanda juu ya bomba la spana,
kilo themanini na nne za afisa mifugo,
nikaruka.
Nati ikalia kama mbuzi anayechomwa sindano,
halafu ikakubali.

Giza likaingia, na upepo wa Julai.
Nyemo ana miaka tisa, kazi yake tochi.
Tochi ikamfuata mjusi, ikafuata paka,
ikapanda ukutani,
kila mahali isipokuwa nilipotazama mimi.

Mpira wa zamani niliukata kwa kisu cha kuhasia madume.
Grisi iliyobaki ilikuwa na mchanga;
ukiifikicha vidoleni, inasaga.
Njia zangu zote zilikuwa humo:
changarawe ya Chali, vumbi la Mpamantwa,
na ule mto mkavu wa Kigwe
niliouvuka nikiimba.

Gololi nikazitoa moja moja,
nikaziosha kwa mafuta ya taa
kwenye sufuria ambayo mama yake alikuwa hajaiulizia.
Zilitakiwa sita.
Nikahesabu: tano.
Nikahesabu kwa Kigogo: tano vilevile.
Mchanga wa uani kwangu humeza kitu
na kujifuta mdomo.

Nilipiga magoti, nikachekecha kwa vidole,
nikamtukana aliyebuni gari, na aliyebuni kona.
Tochi ikazima. Nyemo hayupo.

Akarudi na sumaku ya spika,
ya redio ya marehemu bibi yake,
kaifunga uzi, anaiburuza uani
kama anayeongoza mwanambuzi asiyetaka kwenda.
Sumaku ikaota ndevu za mchanga mweusi.
Ikaokota kizibo cha soda, nusu ya wembe,
pini ya nywele iliyozua ugomvi mwaka juzi.
Karibu na banda la kuku, ikasema: tik.

Akaipangusa kwenye gauni,
akaiweka kiganjani mwangu, ya baridi, inang'aa.
"Baba," akasema, "jiwe lako."

Sikumjibu. Nilijaza grisi,
nikavuta mpira mpya, nikabana kamba kwa koleo,
nikagonga shafti mpaka ile pete ndogo ndani ikaitika.
Saa nne usiku nililizungusha gari uani,
usukani wote kushoto, madirisha wazi,
Nyemo kasimama katikati, kichwa kakiinamisha, anasikiliza.
Kuku tu ndio waliolalamika.

Sufuria niliisugua kwa majivu mara tatu.
Bado mlenda wa Jumapili ulinuka mafuta ya taa.
"Ni moshi wa kuni," nikasema.
Mama yake akaendelea kumega ugali.
Nyemo akanitazama usoni, hapepesi,
safari hii tochi imetulia.