Kamba ya Majimoto

Mwaka ule nazi zilidondoka vidaka,
ndogo kama ngumi ya mtoto,
kila kimoja na doa jeusi shingoni,
na mchungwa ukazaa machungwa yenye makovu,
utadhani yamepigana.

Nikenda Wete, nikanunua chupa.
Muuzaji aliifunga gazeti mara mbili,
hakunitazama usoni.
Nilipiga dawa jioni moja tu.
Asubuhi nyuki wamelala chini ya mabilingani,
miguu juu, chavua bado mapajani,
na tembe wa Raya, yule wa kishungi,
amekufa kando ya kisima changu.

Ramadhani nzima Raya hakuniletea futari.
Sahani niliyompelekea ilirudi
imeoshwa, tupu.
Nyie hamjui sahani tupu inavyosema.

Chupa nimeining'iniza kwenye kenchi.
Mpaka leo sijui niitupe wapi.

Bamia nilizitibu kwa kinu:
mwarobaini, pilipili mbuzi, kipande cha sabuni ya mche,
ilale usiku mmoja, ichujwe kwa leso kuukuu.
Vidukari wakakunja virago.
Kisamvu chetu kikawa kichungu wiki nzima;
Asaa, mume wangu, alikula kimya,
siku ya nne akauliza nani ana homa humu ndani.

Lakini mnazi ni mrefu. Kinu hakifiki.

Ndipo nikautazama mdanzi wa bondeni,
mti ambao watoto hawaupandi,
umejaa vifuko vya majani yaliyoshonwa,
na mnazi uliouegemea
nazi zimesongamana kama wageni wa harusi.
Majimoto!
Wale wale tuliokuwa tukiwachoma kwa makuti.

Kabla ya jua, hawajaamka sawasawa,
nilifunga mikono ya gauni kwa mpira,
nikakata tawi na kifuko chake, nikatia kirobani.
Waliniuma shingo, waliniuma kope,
waliniuma mahali ambapo sitapataja.
Nikafunga kamba ya makumbi, mnazi wangu hadi mchungwa,
mchungwa hadi mnazi wa pili,
na mashina nikayazungushia jivu
sisimizi wasije wakawafanyia vita.
Kisha nikakaa juu ya mbuzi isiyo na nazi ya kukuna
nikiwatazama wanavuka:
mmoja,
watatu,
halafu mstari mwekundu usiokatika.

Masika yakapita. Mchoo ukapita.
Sikujua kamba mpya ya Raya ya kuanikia nguo
imegusana na yangu.
Ijumaa mumewe, Hamdani, alivaa kanzu
iliyotoka kambani moja kwa moja,
na rakaa ya pili, wanasema,
aliruka.

Nikamsikia Raya anakuja; kandambili zake nazijua.
Nikajipanga na maneno, na tembe wake nikamweka mbele,
kwamba deni ni langu, lakini kanzu ni bahati mbaya.
Hakunifikia. Alisimama chini ya mnazi,
akainua kichwa, akahesabu kwa midomo,
akapotea hesabu, akaanza tena.
"Kamba hiyo," akasema, "imebaki?"

Nikamkatia pima kumi.
Nikamwambia nguo aanike kwengine.

Magharibi sahani ikaja, imefunikwa kawa,
nzito,
na juu ya muhogo wa nazi
majimoto mmoja anatembea,
hana habari na mtu.